Mtoto Akionekana Mzima

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mji Mkongwe, Unguja)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme maneno machache, alinipa dakika ishirini na akanionya nisirudie habari za fimbo za mwalimu wetu wa hesabu. Katika fimbo nitamtii. Hesabu zenyewe siwezi kuziacha, maana jambo nililokuja nalo leo limesimama juu ya hesabu. Ni habari ya watoto wenye saratani ya damu, maradhi yaitwayo lukemia, na ya vidonge wanavyopewa baada ya kuonekana wamepona.

Wengi wenu mnajua kuwa nilipoondoka skuli nilisomea utoaji wa dawa, na kazi hiyo ndiyo iliyonilea mpaka nikastaafu. Katika miaka ya 1990 nilikuwa nikikaa Malindi, na jioni baada ya sala tukikutana barazani. Jirani yetu mmoja alikuwa na mtoto wa miaka sita aliyetibiwa lukemia Bara. Alirudi hana nywele, lakini anacheka, na baada ya miezi michache alikuwa akicheza mpira uchochoroni na wenzake. Baba yake alirudi na mfuko wa vidonge na karatasi ya tarehe za kupima damu. Siku moja akaniuliza mbele ya watu: "Bwana, vidonge hivi vinamtia mtoto kichefuchefu, na nauli ya kwenda na kurudi imenishinda. Nawe unamwona alivyo. Tukimpumzisha kidogo itakuwaje?"

Nilimtazama mtoto anavyokimbia. Nikasema: "Mpumzisheni mwezi mmoja, si neno. Mtoto keshapona huyo."

Mwezi ukawa miezi minne. Kisha ufizi ukaanza kutoka damu, miguu ikawa na alama za bluu kama aliyepigwa, na homa ikaja isiyoondoka. Hakumaliza mwaka. Baba yake hakunilaumu hata siku moja, naye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Sisemi kuwa neno langu ndilo lililomuua, kwa sababu maradhi haya huwarudia hata baadhi ya watoto wasiokosa kidonge kimoja. Ninalosema ni kwamba niliulizwa jambo nisilolijua, nikajibu kama ninayelijua. Miaka iliyofuata nilisoma ili nijue nilipaswa kujibu nini. Hayo niliyoyasoma ndiyo ninayowaletea.

Kwanza, maradhi yenyewe. Ndani ya mifupa yetu mna uboho, nao ndio kiwanda cha damu. Hutengeneza chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na vile vipande vidogo vinavyogandisha damu mtu akijikata. Katika lukemia inayowapata watoto zaidi, chembe nyeupe changa hukataa kukomaa, zikawa zinazaana bila ya kiasi mpaka zinajaza kiwanda kizima. Chembe nyekundu zikikosa nafasi, mtoto huwa mweupe wa viganja na macho, na huchoka. Vigandisha damu vikipungua, damu hutoka ovyo. Na ingawa chembe nyeupe ni tele, hizo hazipigani, basi homa humwandama. Mara nyingine huanza na maumivu ya mifupa, nyumbani wakasema ameanguka akicheza.

Sasa vijana, chukueni kalamu. Mabingwa wanakisia kuwa siku mtoto anapogunduliwa huwa na chembe za maradhi kama trilioni moja, yaani moja yenye sifuri kumi na mbili. Dawa za mwezi wa kwanza ni kali, na mara nyingi huziua mpaka daktari akitazama uboho kwa darubini haoni kitu. Mtoto anakula, anacheza. Hali hiyo tuiite nafuu. Lakini tukisema dawa imeua chembe 999 katika kila 1,000, zimebaki ngapi? Gaweni trilioni kwa elfu. Zimebaki bilioni moja. Bilioni moja, na mtoto anapiga chenga uchochoroni!

Mama zetu wa shamba wanaufahamu moto wa makumbi. Unauona umezimika, juu jivu tupu, unaweza hata kupitisha mkono. Lakini ndani umo, na upepo ukivuma usiku utaamka umeshika paa. Nafuu ya lukemia ni moto wa namna hiyo.

Walijuaje? Mwaka 1948, huko Boston, Marekani, daktari Sidney Farber na wenzake walitangaza kuwa wamewapa watoto 16 wenye lukemia dawa iitwayo aminopterini, na 10 kati yao wakapata nafuu. Kabla ya hapo mtoto mwenye maradhi haya alikuwa akifa kwa wiki au miezi michache tu. Ilikuwa habari kubwa, ila nafuu yenyewe haikukaa, maradhi yakarudi. Kisha Gertrude Elion na George Hitchings wakatengeneza dawa nyingine, merkaptopurini, iliyoanza kutumika rasmi Marekani mwaka 1953. Elion hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa, na alikuwa amekataliwa kazi nyingi kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1988 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Wasichana mliopo hapa, liwekeni hilo akilini.

Likabaki swali lile lile la jirani yangu: mtoto akishapata nafuu, aendelee kupewa dawa au apumzishwe? Kila daktari alikuwa na rai yake. Mmoja akisema dawa ni sumu, mwachieni mtoto apumue. Mwingine akisema msimwachie. Rai zilikuwa nyingi na ushahidi haukuwapo.

Baina ya mwaka 1959 na 1960, hospitali 11 za Marekani zikashirikiana kulijibu. Aliyeandika jina la kwanza katika ripoti yao alikuwa Emil Freireich. Watoto na vijana walipewa kwanza dawa ya kuleta nafuu. Waliofanikiwa walipangwa wawili wawili, kila mmoja na mwenzake wa hali inayokaribiana, zikapatikana jozi 21. Ndani ya kila jozi ikapigwa kura: mmoja apewe merkaptopurini, mwingine apewe vidonge vilivyofanana navyo ambavyo ndani havina dawa. Mzazi hakujua mwanawe yupo upande gani, na daktari aliyemtibu hakujua pia, ili tamaa ya mtu isije ikaingia katika hesabu.

Najua mnalofikiri. Vipi mtu ampe mtoto mgonjwa kidonge kitupu? Hata mimi niliposoma nilikasirika. Lakini fikirini: wakati ule hakuna aliyejua kama dawa ile itamlinda mtoto au itamdhuru bure. Wale waliokuwa na uhakika, wa upande huu na wa ule, walikuwa wakibahatisha, nao walibahatisha kwa watoto wote bila ya kuandika popote. Wenye jaribio waliweka pia sharti la kusimama mapema: kila jozi moja ilipopata jibu walihesabu, na mara tu jibu lilipokuwa wazi walisimama. Na mtoto ambaye maradhi yalimrudia hakuachwa kwenye kidonge kitupu.

Jibu likatoka hivi. Katika jozi 21, aliyekaa na nafuu muda mrefu zaidi alikuwa wa upande wa dawa katika jozi 18, na wa upande wa vidonge vitupu katika jozi 3. Nusu ya wale wasiopewa dawa walirudiwa na maradhi ndani ya wiki 8. Kwa waliopewa dawa ilikuwa kama wiki 23. Hesabu zilipofungwa, wote 21 wasiokuwa na dawa walikuwa wamerudiwa. Kati ya 21 wenye dawa, waliorudiwa walikuwa 9.

Ripoti ilichapishwa mwaka 1963. Wanafunzi wa takwimu duniani kote hujifunza kwa namba za watoto wale 42 mpaka leo. David Cox wa Uingereza alizitumia mwaka 1972 alipoeleza njia mpya ya kukokotoa muda wa kuishi, ambayo hutumika sasa katika utabibu wa kila namna. Mwanafunzi anayeuliza hesabu zitamsaidia nini duniani, mwambieni habari ya jozi 21.

Kutoka hapo kazi ikaenda mbele. Huko Memphis, katika hospitali ya St. Jude iliyofunguliwa mwaka 1962, Donald Pinkel na wenzake waliziunganisha dawa: kwanza za kuleta nafuu, kisha tiba ya kuyafuata maradhi yanakojificha kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo, kisha dawa za kudumisha nafuu kwa miaka. Katika kundi walilolianza mwaka 1967, karibu nusu ya watoto walipona kabisa. Leo katika nchi tajiri hupona kama tisa katika kumi.

Na moja ya dawa hizo si ngeni kwetu. Kile kichaka kidogo chenye maua ya rangi ya waridi au meupe, ambacho asili yake ni Madagaska na sasa kinaota kwenye mchanga pwani yetu yote, ndicho kilichotoa vinkristini, inayotumika tangu miaka ya 1960. Lakini nawasihi, mtu asiende kuchemsha majani yake. Mmea ule ni sumu. Dawa hupatikana kwa kuchujwa kiwandani, kidogo mno kutoka majani mengi mno, na hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Mtauliza: kwa nini miaka miwili au mitatu, na si miezi sita? Wavuvi wetu wanaujua mtego wa dema. Dema halimfukuzi samaki. Hukaa chini usiku na mchana, na samaki akitoka pangoni huingia. Merkaptopurini na mwenzake methotreksati hufanya kazi hivyo: huipata chembe pale inapojigawa. Chembe iliyolala hawaigusi. Basi dawa lazima iwepo siku itakapoamka, na hakuna aijuaye siku hiyo.

Jambo hili nalo limejaribiwa. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Tokyo waliwatibu watoto zaidi ya 300 kwa muda wa mwaka mmoja tu kwa jumla. Zaidi ya nusu walipona, na hiyo ni habari njema, kwani inaonyesha wapo watoto wasiohitaji muda mrefu. Lakini waliorudiwa walikuwa wengi kuliko desturi, na siku ya kuanza hakuna aliyeweza kuwatenga hawa na wale. Kwa upande mwingine, China walijaribu kuwapunguzia watoto mzigo. Katika hospitali 20 waliuliza kama sindano za vinkristini na vidonge vya deksamethasoni vinavyotolewa mara kwa mara wakati wa kudumisha nafuu vinaweza kuachwa baada ya mwaka wa kwanza wa tiba. Mwaka 2021 walitangaza kuwa kwa watoto wenye hatari ndogo ya kurudiwa vinaweza, nao hawakupata hasara. Ndivyo tiba inavyopunguzwa kwa haki: kwa kura na kwa daftari. Mimi barazani nilipunguza kwa mdomo.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki. Msidhani kuwa elimu hii yote ilitoka ng'ambo. Kampala, katika hospitali ya Mulago, Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda wetu, ambao sasa una jina lake. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale kituo cha kutibu na kuchunguza saratani, na dunia ikajifunza kutoka kwa watoto wa Uganda kwamba dawa pekee zinaweza kuponyesha saratani. Uvimbe ule hukua mbio sana, chembe zake karibu zote zinajigawa kwa wakati mmoja, basi dawa kali za miezi michache humaliza kazi. Lukemia hii ya kawaida ya watoto ina chembe zinazolala. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mtoto wa fulani alitibiwa saratani miezi minne tu, vipi wangu miaka miwili?" Ni maradhi mawili tafauti.

Tanzania, watoto wenye saratani walikuwa wakipelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, na baadaye huduma yao ikahamia Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha hushirikiana na Serikali ili mzazi asilipie matibabu. Hilo ni jambo la kushukuru sana. Lakini Muhimbili ipo ng'ambo ya bahari. Fikirini mama wa Nungwi au Makunduchi. Apande daladala mpaka mjini, ateremke Malindi, akate tiketi ya boti, avuke kama saa mbili na mtoto anayetapika, atafute basi la Upanga, alale, apimiwe mtoto damu, arudi. Nyumbani ameacha watoto wengine, na mwani wake umekauka bila ya mtu wa kuuanua. Mwaka wa kwanza, mtoto akiwa mahututi, ukoo mzima huchanga. Mwaka wa pili, mtoto ananenepa, hachangi mtu. Na huo mwaka wa pili ndio mwaka wa makumbi.

Marekani walifanya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012. Vidonge vya watoto vilitiwa katika chupa ambazo kizibo chake kinaandika chenyewe kila kinapofunguliwa. Watoto waliokunywa chini ya asilimia 95 ya dozi zao walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya kurudiwa na maradhi. Vijana, asilimia tano ya siku thelathini ni ngapi? Siku moja na nusu. Mimi nilimpa jirani yangu siku thelathini nzima.

Basi kwa mzazi, au jirani wa mzazi, yapo mambo manne ya kushika. Merkaptopurini hunywewa kila siku. Methotreksati ya vidonge, katika tiba hii, hunywewa mara moja kwa wiki, na anayeitoa kila siku kwa kukosea anaweza kuua. Chagueni siku moja, iandikeni ukutani. Tatu, dawa hizi hupunguza pia chembe nzuri, basi vipimo vya damu visirukwe, maana kwa vipimo hivyo daktari huongeza au kupunguza dozi. Wapo watoto ambao miili yao kwa maumbile huivunja merkaptopurini polepole, na dozi ya kawaida kwao ni nyingi mno. Kupunguza ni kazi ya daktari, si ya baraza. Nne, mtoto akipata homa wakati wa tiba, msingoje asubuhi, wala msimpe panado mkalala. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Ndugu Mwenyekiti, ninamalizia kwa maombi mawili.

La kwanza ni kwa wenzangu. Chama chetu kimejenga uzio na kimenunua madawati, na Mungu atatulipa. Naomba sehemu ya michango yetu iwe nauli ya boti kwa watoto wa Unguja na Pemba walio katika mwaka wa pili na wa tatu wa tiba, ipitie kwa maafisa wa ustawi wa jamii hospitalini ili isiwe ya kujuana. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani wapone. Katika nchi maskini wanaopona hawafiki 30. Pengo hilo halitokani na kukosa elimu ya dawa peke yake. Limo pia katika safari zisizosafiriwa na vidonge vilivyoachwa kabatini. Bandu bandu huisha gogo, na tiketi moja ya boti ni bandu moja.

La pili ni kwenu vijana. Siku moja mtu atawauliza jambo mbele ya watu, nanyi mtataka kuonekana mnajua. Kama hamjui, semeni hamjui, kisha mwende mkatafute. Mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha hivyo, na fimbo juu yake, lakini mimi nilichelewa kuelewa.

Mtoto yule angekuwa hai leo, angekuwa na umri wa baba wa baadhi yenu. Bado nikipita uchochoro ule jioni, watoto wakicheza mpira, husimama kidogo.

Katibu, dakika zangu nimezizidisha, lakini habari za fimbo zilikuwa mbili tu.